Jua Tuliloliacha Nje ya Hesabu

Wenzangu mnaobaki kituoni Rejaf,

Mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa, kwa kuwa wengi wenu mmeikuta mashine imeshasimikwa, mimi nimeshazeeka, na mambo mengine yameshafunikwa. Nitaandika. Lakini kama mlitaka maneno matamu ya mzee anayeaga, mngeniomba zamani kidogo. Sasa nina hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Vyeo na mshahara naviruka. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Nilisoma Kitale, familia yetu ilipokuwa ukimbizini, nikaishia kidato cha nne. Niliporudi nyumbani Juba nilipata kazi ya kusoma vipimo vya hali ya hewa: mvua, joto, upepo, mgandamizo wa hewa. Mzee aliyenipokea alikuwa na sheria moja tu. Kabla hujaandika kipimo, toka nje utazame. Siku yangu ya kwanza niliandika kwamba mvua haikunyesha, naye amesimama mlangoni analowa. Jani lilikuwa limeziba mdomo wa kipimo. Hakunigombeza. Alivua kofia yake, akamimina maji yaliyokuwa ukingoni mwake juu ya karatasi niliyokuwa nimeiandika, akaenda kunywa chai.

Nilifanya kazi kwa sheria ile miaka mingi. Niliivunja siku nilipopewa mashine ya maana.

Mradi wa umwagiliaji ulipoanza Rejaf, walitafuta fundi wa vipimo, nikachukuliwa. Pampu ilikuwa ukingoni mwa mto, mfereji mkuu ukakata katikati ya mashamba ya bamia, nyanya na mahindi, na kila kundi la vishamba likawa na koki yake. Kazi yangu ilikuwa kusema lini maji yafunguliwe na lini yafungwe, ili dizeli isipotee bure. Mashine ya kunisaidia ilikuja na Okello, injinia kutoka Uganda, mtu mrefu aliyekuwa akiinama hata mahali pasipo na dari. Ilikuwa sanduku jeupe juu ya nguzo, na ndani yake mrija wenye gesi. Watoto waliuliza kama ni mzinga wa nyuki. Okello akawaambia ndiyo, ila nyuki wake wanatoka mbali kupita nyota mnazoziona.

Nieleze kidogo, kwa maana bila hili hamtaelewa tulivyomharibia mtu jina.

Kuna chembe zinazosafiri angani kwa kasi kubwa mno, nyingi zikitoka kwenye nyota zilizolipuka. Huitwa miale ya kosmiki. Zikiigonga hewa yetu huko juu, huzaa chembe nyingine ziitwazo nyutroni, na hizi hushuka mpaka ardhini. Baadhi huingia udongoni na kurudi juu. Sasa, maji yana haidrojeni, na haidrojeni huzikwamisha nyutroni. Udongo ukiwa mkavu, nyingi hurudi juu na mashine huhesabu nyingi. Udongo ukiwa na maji, mashine huhesabu chache. Ndiyo hivyo tu. Sanduku moja linapima maji ya shamba zima bila mtu kushika jembe.

Lakini Okello hakuishia hapo. Tulikuwa tumekaa kwenye banda la bati karibu na pampu, tunakula samaki.

"Mzee Pitia," akaniuliza, "ukienda soko la Konyokonyo asubuhi ukakuta malori ya nyanya kutoka Uganda ni machache, utasema watu wa Juba wamekula sana?"

"Nitauliza kwanza barabara ya Nimule ikoje."

"Kwa nini?"

"Vizuizi. Labda malori yamekwama njiani."

"Ehe! Basi jua ndilo kizuizi chetu."

Akanieleza kwamba jua hutoa upepo, si wa hewa kama huu wetu, na upepo huo hubeba nguvu za sumaku mpaka mbali kupita sayari zote. Miale ya kosmiki inayokuja kwetu lazima ipenye humo. Jua likiwa limechafuka, upepo huo una misukosuko mingi, na miale mingi hutawanywa au kurudishwa ilikotoka. Jua likitulia, mingi hupita. Hubadilika hivyo polepole, kwa mzunguko wa miaka kama kumi na mmoja. Na kuna siku jua hutapika wingu zima la gesi na sumaku. Wingu hilo likitupitia, miale hupungua ghafla, kisha hurudi taratibu kwa siku kadhaa.

"Hiyo ndiyo siku askari wa kizuizi ameamka na njaa," nikasema.

Okello alicheka mpaka mwiba ukamkaa kooni, tukampa tonge la asida, ugali wetu, ameze. Alipopata sauti alisema neno ambalo ningelichora kwenye ukuta wa banda lile kama ningekuwa na akili: "Kwa hiyo hesabu ikishuka, usiseme maji. Uliza barabara."

Akanionyesha namna ya kuuliza. Duniani kuna vituo vinavyohesabu miale hii mchana na usiku, na namba zao hupatikana kwenye mtandao. Kila wiki uzichukue, uone kama imepungua au imeongezeka, urekebishe hesabu yako kabla hujaigeuza kuwa maji. Mgandamizo wa hewa nao unarekebishwa. Huo niliujua tangu zamani. Akaniambia pia nisinakili namba za nchi za kaskazini kama zilivyo, kwa sababu sisi tulio karibu na ikweta tunakingwa zaidi na sumaku ya dunia, na jua linatupunguzia miale kidogo kuliko linavyowapunguzia wao. Badiliko letu ni dogo, lakini badiliko dogo la hesabu kwenye udongo wenye unyevu hugeuka kuwa maji mengi kwenye karatasi. Hili mlishike. Ndilo lililotuua.

Kabla hajaondoka tulisawazisha mashine. Tulichimba udongo sehemu nyingi za shamba, tukaupima uzito, tukaukausha, tukaupima tena. Oveni hatukuwa nayo. Tuliazima ya duka la mikate mjini, na nadhani siku ile Juba nzima ilikula mikate yenye harufu ya Rejaf.

Sitaki mtu asome haya kisha aseme sanduku ni takataka. Msimu wa kwanza lilikuwa sahihi kuliko sisi sote. Kishamba cha karibu zaidi na koki kubwa ya mfereji mkuu kilikuwa cha Mama Kiden, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Bweyale, Uganda, na jembe, wajukuu na mdomo. Yeye aliamini kwamba nyanya ikinyauka mchana inaomba maji. Nilimwambia udongo chini umejaa. Alimwagilia kwa ndoo, kwa ukaidi, na nyanya zake zikaoza mizizi.

"Haya," akaniambia, "hii sanduku yako imenishinda. Lakini iko na sura ya mtu mwenye madharau."

Baada ya hapo aliniuliza kila asubuhi, "Mzee, sanduku imeamkaje?" Aliliamini. Kumbukeni hilo.

Mambo yaliharibika kidogo kidogo. Mtandao wa Rejaf mnaujua. Siku nyingine nilipanda kwenye tangi la maji na simu mkononi, natafuta namba za miale kama mtu anayetega redio. Meneja wetu, Mkenya, kijana msomi, mwepesi wa kazi na wa maneno, alinikuta huko juu.

"Mzee Pitia, shuka, utaanguka utuachie kesi. Unatafuta nini?"

"Namba za jua."

"Za jua? Jua si lile hapo? Mzee, wacha hizo story. Hapo kwa marekebisho weka moja, tusonge. Wageni wanakuja wiki ijayo, na wanataka kuona grafu."

Kuweka moja maana yake ni kuzidisha kwa moja, yaani kusema jua halijabadilika. Wiki ile hata ilikuwa kweli kiasi, kwa sababu mashine ilisimikwa jua likiwa limetulia. Niliweka moja. Wiki iliyofuata nikaweka moja. Wageni walipokuja niliwaeleza sanduku kwa fimbo mkononi. Nilipofika kwenye jua walianza kutazama simu zao, basi safari nyingine nikaliruka. Nililiacha jua kwanza kwenye maelezo, kisha kwenye kazi. Meneja aliniambia, na ni mimi niliyekubali. Mkono ulioandika moja ulikuwa huu.

Jua nalo halikutusubiri. Mwaka baada ya mwaka lilikuwa linachafuka, kama mzunguko wake unavyotaka. Miale ikapungua, hesabu yetu ikashuka, na mashine ikaanza kusema kwamba udongo wa Rejaf unazidi kupata maji. Meneja akaandika ripoti kwamba wakulima wamefundishika, udongo sasa unatunza unyevu. Tulipigiwa makofi. Dizeli ikapunguzwa, kwa kuwa udongo wenye maji hauhitaji pampu. Kisha mtu mmoja ofisini akalinganisha maji yaliyotoka kwenye pampu na maji yaliyosemwa na sanduku, akaona hayalingani. Udongo ulikuwa na maji ambayo pampu haikuyatoa.

Watu wenye akili wangesema kipimo kina kasoro. Sisi tulisema kuna mwizi.

Nani yuko karibu na koki kubwa? Mama Kiden.

Kamati ya wakulima ilikutana kwenye banda la bati, Jumamosi, watu wote wapo. Nilitumwa nieleze. Nilisimama na kompyuta na ile fimbo yangu ya wageni, nikaonyesha mstari wa grafu unavyopanda, nikasema mtu anafungua koki kwa siri. Sikutaja jina. Fimbo ilitosha, maana niliielekeza dirishani, upande wa kishamba chake.

Mama Kiden alisimama. Mkononi alikuwa na bamia aliyoing'oa na mizizi yake, majani ya njano, shina kama kijiti cha kiberiti.

"Mimi harami?" akasema. "Mwizi ya maji, bamia yake iko nakauka? Nimeiba maji nikapeleka wapi? Nimekunywa?"

Watu wakacheka. Walimcheka yeye. Na mimi nilicheka, wenzangu, kicheko cha mtu mwenye kompyuta. Hapakuhitajika elimu kuona ile bamia. Ilikuwa inakufa kwa kiu mbele ya macho yangu, umbali wa mkono, nami nikaendelea kuonyesha mstari.

Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni. Kishamba kikachukuliwa, akapewa Lado, kijana mchapakazi asiye na hatia yoyote. Mama Kiden akachukua jembe lake na wajukuu wake, akaenda kuuza chai mtaa wa Mangateen, mjini.

Baada ya yeye kuondoka, "wizi" uliendelea. Mstari ulizidi kupanda. Hakuna aliyesema, basi hakuwa yeye. Walisema, ana washirika.

Tulizinduliwa wakati wa kiangazi, pampu ikiwa imevunjika. Modi, mhudumu wa pampu, alikuwa ameifungua yote na kuitandaza kwenye turubai, akisubiri kifaa kutoka Kampala. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Midomo ilipasuka, vumbi liliingia hata kwenye sukari. Asubuhi moja nikafungua kompyuta, nikakuta hesabu imeporomoka. Mashine inasema shamba limelowa kama baada ya mvua kubwa.

Meneja alikuja mbio. "Wamefungua tena! Nani alikuwa zamu?"

Modi aliinuka na grisi mpaka kwenye viwiko. "Bosi, wamefungua nini? Pampu ndiyo hii nimeikalia."

Nilitoka nje nikatazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kufanya hivyo kabla ya kuandika. Nilipiga udongo teke, ukaruka kama unga. Nikakumbuka samaki, na mwiba kooni, na kizuizi. Nikampigia Okello.

"Hesabu imeshuka na mvua hakuna," nikamwambia.

"Jua limelipuka juzi, Mzee. Vituo vyote vinaonyesha. Ukiweka marekebisho itakaa sawa." Akangoja. "Si unaweka marekebisho?"

Nilitazama ile moja kwenye kompyuta.

"Mzee? Uko hapo?"

"Niko. Naweka moja."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Naye akauliza jambo ambalo sikulitarajia kwa injinia: "Kuna mtu ameumia?"

Tulikaa kwenye simu siku kadhaa, tukarudisha namba za jua wiki kwa wiki tangu mwanzo. Mstari uliokuwa unapanda ukalala. Kisha, miaka ya mwisho, ukashuka. Udongo haukuwa unapata maji. Ulikuwa unakauka, kwa sababu tulikuwa tumepunguza dizeli. Hapakuwa na mwizi hata mmoja. Maji yaliyoibwa hayakuwahi kuwepo.

Nilimpelekea Meneja. Alisoma mpaka mwisho, na kwa dakika chache nilimheshimu. Kisha akasema, "Sawa. Kuanzia leo turekebishe. Lakini za nyuma tuziache, ripoti zishaenda."

"Na Mama Kiden?"

"Hiyo ni mambo ya kamati, Mzee. Sisi hatukumfukuza mtu."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akasema, "Sisi tulifuata mashine yenu." Nikarudi kwa Meneja. Akasema mashine haiwezi kuomba radhi. Yaani mama mtu mzima ameitwa mwizi mbele ya majirani zake, na kosa lenyewe halina mwenyewe! Ofisi inasema kamati, kamati inasema mashine, mashine inasema jua. Tulikuwa tayari kulishtaki jua kabla ya kumpa mjane neno moja.

Nilikwenda Mangateen peke yangu. Nilimkuta amekaa nyuma ya birika, akanimiminia chai ya tangawizi bila kuniuliza kama nataka. Nilimweleza yote, pamoja na ile moja. Alisikiliza akisuuza vikombe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama. Naomba unisamehe."

"Mzee Pitia, uliniita harami hapa, kwa chai?"

"Hapana."

"Uliniita wapi?"

"Kwenye banda."

"Basi kunywa chai yako. Maneno imetoka kwa banda, irudi kwa banda."

Ofisi iliniandalia sherehe ya kuniaga, ikanipa saa ya ukutani. Nilipoanza kusema habari za Mama Kiden, Meneja alinishika bega akacheka, "Mzee, leo ni siku ya keki." Nilikula keki ile. Hilo nalo nalijutia, ingawa ilikuwa nzuri.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa sina tena kazi ya kupoteza, nilikwenda kwenye banda. Nilikuwa nimemwomba Mama Kiden aje, akaja, akakaa mbele kabisa. Sikubeba kompyuta. Nilieleza habari ya malori na kizuizi, na kila mtu aliyewahi kupita barabara ya Nimule alielewa upesi kuliko wageni wetu wote. Kisha nikasema: "Nilisema hapa kwamba Mama Kiden anaiba maji. Nilisema uongo. Sikuujua kuwa ni uongo, lakini kazi yangu ilikuwa kujua. Yeye hakuiba. Hakuna aliyeiba. Na siku ile nilicheka."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama paa. Lado ndiye aliyesimama.

"Kwa hiyo mimi niko kwa shamba ya mtu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mahindi yangu yamefika kifuani."

Watu wakageuka kumtazama Mama Kiden. Alichukua muda wake kujifunga kitenge vizuri.

"Vuna mahindi yako, mtoto wangu," akasema. "Kisha utoke. Mimi si harami."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Watu wakaanza kuinuka. Lado alivuna, akatoka, na sasa bamia ni za Mama Kiden tena. Ofisi haijabadilisha ripoti hata moja. Huko mbali bado inasomwa kwamba Rejaf kulikuwa na wizi wa maji.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu sikuandika haya ili mnihurumie. Okello ananiambia kilele cha jua kimepita na litatulia miaka ijayo. Miale itaongezeka. Hesabu za sanduku zitapanda. Mkiacha tena marekebisho, kwa uvivu, kwa mtandao mbovu, kwa wageni, mashine itasema udongo unakauka ijapokuwa pampu inafanya kazi. Mtu ofisini atalinganisha dizeli iliyotumika na maji yaliyofika shambani, ataona hayalingani. Mtatafuta anayeuza dizeli. Nani yuko karibu na pipa?

Anaitwa Modi. Ana grisi mpaka kwenye viwiko, na hajawahi kuiba chochote. Nimemtaja mapema, kabla hamjamshuku.

Pitia
Rejaf, Juba